Kabla uongeze mota, pima hewa ya kwenu

Juzi kijana mmoja wa Kakamega amenitumia meseji, "bro, modeli yangu ya ndege ya kuinuliwa na feni inanguruma tu haiinuki, ninunue mota kubwa?" Nimekaa na hiyo meseji hadi usiku juu imenirudisha mahali sikutaka kurudi.

Mwaka jana nilijenga yangu Kisumu, feni mbili kwa mabawa na moja puani, mpango niliotoa kwa ndege ya Ryan XV-5 ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza 1964, tofauti ni kwamba feni zake zilizungushwa na gesi moto ya injini za jeti na zangu ni za betri. Fundi wa jua kali pale Kibuye alinikunjia mabati ya bomba la kuzunguka kila feni mpaka yakakaa sawa. Na ikainuka jamani! Asubuhi kando ya ziwa, nusu mita, sekunde kama 20, mamangu akapiga vigelegele.

Halafu nikaipeleka mashindano Nakuru. Ikanguruma, ikatetemeka, ikakataa kutoka chini. Jaji mmoja akasema mbele ya watu wote, "hii ni feni ya kupoza chai," wakacheka. Hiyo bado inaniuma. Nilirudi na matatu ya usiku modeli ikiwa mapajani, sikuongea na mtu.

Wiki mbili baadaye ndio nikaelewa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 7. Feni inakuinua kwa kusukuma hewa chini, sasa hewa ikipungua na mzunguko ni uleule, nguvu inapungua pia. Kisumu zangu zilikuwa zinainua kilo 2.1 na modeli ina kilo 2. Toa hiyo asilimia 7, unabaki na kilo 1.95. Ilishindwa kabla nipande matatu.

Kwa hivyo ndugu yangu usikimbilie mota. Mota kubwa inataka betri kubwa, betri inaleta uzito, unazunguka hapohapo. Tafuta feni pana, kusukuma hewa nyingi polepole kunakula nguvu kidogo kuliko hewa chache kwa kasi, ndio maana ndege ya kivita F-35B imewekewa feni ya karibu mita 1.27 nyuma ya rubani, inayozungushwa na shafti kutoka kwa injini. Mdomo wa bomba uviringe, na panga za feni zipite karibu sana na ukuta wa bomba bila kugusa. Pima uzito. Ukimaliza pima tena, na ujaribu saa nane mchana juu hewa ya joto pia ni nyepesi. Vijana tunapenda kuwasha kabla ya kupima, tuache hiyo tabia, mashine haijui umekesha siku ngapi.

Nimemwambia aweke modeli kwa mizani anitumie namba. Yangu sasa ina akiba ya asilimia 30 ya nguvu ya kuinua, na Agosti nairudisha Nakuru, uwanja uleule.