Nebula ya Orion kuwa ya kijivu si kosa la darubini

Ndugu, umesema darubini yako yenye kipenyo cha milimita 114 inakuonyesha kimoshi cha kijivu tu pale kwenye Nebula ya Orion, lile wingu la gesi na vumbi katika kundi la nyota la Orion, na nyota pacha, zile mbili zinazoonekana kama moja, zinakataa kuachana. Usiirudishe dukani. Gizani jicho letu halishiki rangi; zile picha za nebula zenye rangi ni kamera iliyokusanya mwanga muda mrefu. Kaa gizani nusu saa, simu mfukoni, anza na ukuzaji mdogo, kisha tazama pembeni kidogo ya kile kimoshi: kitatanuka kama mbawa. Ongeza ukuzaji, katikati utaona nyota nne zimesongamana, ndizo Trapezi.

Kwa nyota pacha, mchawi ni joto. Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kutazama ili ipoe, na usitazame juu ya bati lililochomwa na jua mchana kutwa (mimi nilipoteza usiku mzima hivyo). Jaribu Acrux, nyota ya chini kabisa ya Msalaba wa Kusini, jioni za Mei, ukuzaji mara 120 hivi. Mwanzoni itachezacheza kama taa ndani ya maji. Usiondoe jicho. Hewa ikitulia sekunde mbili tu, zinaachana: nyeupe mbili zenye ubuluu, na uzi wa giza katikati.