Mwanamke Anayemimina Maziwa

Swali: Ndugu Mhariri, kalenda iliyotundikwa sebuleni kwetu Kadutu, Bukavu, ina picha ya Vermeer ya mwanamke anayemimina maziwa. Kwa nini mchoraji aliipa heshima kubwa kazi ya jikoni?

Jibu: Mama, Johannes Vermeer wa Delft aliichora karibu na mwaka 1660, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Katika Uholanzi ya karne ya 17, wafanyabiashara na mafundi walinunua picha nyingi za kutundika majumbani, na walipenda kuona maisha waliyoyajua. Tazama mkate mezani, msumari ukutani, na sakafuni kisanduku cha makaa cha kupashia miguu joto. Kwangu mimi, uzuri wote umo katika maziwa yale yanayotiririka membamba, huku macho ya mwanamke yakiyafuata bila haraka yoyote.