Kuagiza dawa za cheti kutoka nyumbani kwa sisi tunaoishi Marekani

Wengi wetu tunaoishi Marekani, hasa tusio na bima, tukishaona bei ya dawa huwaza kwanza kumpigia simu ndugu aliye Dar es Salaam au Mombasa atutumie. Baada ya kumpokea mama aliyekuja na dawa zake za presha, na kumsaidia jirani ambaye kifurushi chake kilizuiliwa, ninaweza kueleza sheria inavyofanya kazi.

Kwa kawaida ni kinyume cha sheria mtu binafsi kuingiza Marekani dawa ambayo haijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, hata kama ni ya kujitibu mwenyewe. Jambo ambalo wengi hawalielewi ni kwamba idhini haitolewi kwa jina la dawa peke yake, bali kwa dawa ya mtengenezaji fulani, iliyotoka katika kiwanda kilichotajwa na yenye lebo iliyokubaliwa. Kwa hiyo amlodipini, dawa ya presha, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nyumbani huhesabiwa kuwa haina idhini, ingawa amlodipini imejaa katika kila famasia ya Marekani. Ruhusa ambayo Florida ilipewa Januari 2024 ya kuagiza dawa Kanada ni ya mpango wa jimbo, wala haimhusu mtu na kifurushi chake.

Upo ulegevu, lakini ni hiari ya ofisa na si haki ya mgonjwa. FDA huweza kuiachia dawa ya ugonjwa mzito ambao tiba yake haipatikani Marekani, isiyo ya biashara wala ya hatari kubwa, ikiwa mgonjwa amethibitisha kwa maandishi kuwa ni yake, ametaja daktari wa Marekani anayemtibu, na kiasi hakizidi cha miezi mitatu. Dawa ya presha inayouzwa mtaa wa pili haitimizi sharti hilo la kwanza, na hapo ndipo jirani yangu alipokwama. Aliletewa barua ya kumpa nafasi ya kujieleza, akakosa la kueleza, na tangu sheria ya 2012 dawa iliyokataliwa yenye thamani isiyozidi dola 2,500 inaweza kuteketezwa badala ya kurudishwa ilikotoka.

Mgeni anayesafiri na dawa zake hupata nafuu zaidi. Mama alibeba vidonge vya muda wa ziara yake tu, vikiwa katika maboksi yake ya asili, pamoja na barua ya daktari, ambayo kwa bahati nzuri madaktari wetu huiandika kwa Kiingereza tangu mwanzo. Aliwaeleza watu wa forodha kabla hawajamuuliza, nao wakamruhusu.

Dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini, pamoja na diazepamu ya kutuliza wasiwasi, ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ziko chini ya sheria za dawa zinazodhibitiwa. Hizo usithubutu kutumiwa kwa posta. Msafiri atakayelala Dubai njiani azingatie pia kwamba Falme za Kiarabu hudai kibali cha mapema kwa dawa za aina hiyo.

Kwa presha na kisukari cha kawaida, mimi humshauri mtu aanze na kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato, aandikiwe lisinopril au metformin, kisha alinganishe bei za famasia kadhaa kabla ya kumsumbua ndugu yake.