Kadi ya Harusi ya Mteja Wangu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeanza kazi ya unasihi aliniandikia kwamba mteja wake amempa kadi ya mchango wa harusi, naye hajui achange au akatae. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kwa kuwa swali hilo mimi nililijibu vibaya miaka tisa iliyopita, na jibu langu lilinigharimu shilingi 50,000 pamoja na mteja mwenyewe.

Mteja huyo (nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha) alikuwa akihudhuria vikao kwa sababu ya hofu ambayo hakujua chanzo chake. Aliponipa kadi nilifurahi, kwani nilijiona nimekuwa mtu wa maana maishani mwake. Nikachanga, nikaingizwa katika kundi la WhatsApp la kamati, na kila asubuhi jina langu likaorodheshwa miongoni mwa waliotimiza ahadi. Tangu hapo vikao vyetu vikawa vyepesi mno: alizungumzia ukumbi, sare na mpishi, kisha akaacha kuja. Miezi kadhaa baada ya harusi alinipigia simu, akanieleza kwamba alichokuwa akikihofia ni ndoa ile yenyewe, na kwamba alishindwa kuniambia hataki kuolewa ilhali fedha yangu ilikwisha kununua soda za wageni. Inaniuma mpaka leo.

Mwaka 1993 madaktari wa akili wa Marekani, Thomas Gutheil na Glen Gabbard, walitenganisha kuvuka mpaka wa uhusiano wa kikazi kati ya mtaalamu na mteja, ambako huenda kusidhuru na pengine kukasaidia, na kuvunja mpaka, ambako humuumiza mteja. Kupokea mihogo ya mteja aliyetoka shamba si sawa na kumkopa fedha. Kipimo changu siku hizi ni kimoja: nikishafanya jambo hili, ni lipi ambalo mteja hataweza tena kulisema mbele yangu?

Basi, mdogo wangu, usichange. Ila usimrudishie kadi kama karani anayekataa fomu. Iweke mezani, umuulize angependa uwe nani kwake siku hiyo, na kabla ya kumjibu mpelekee msimamizi wako kisa hicho. Watakuambia kwamba mipaka ni mambo ya Wazungu na kwetu kukataa mchango ni dharau. Wanaosema hivyo hawajawahi kupokea simu ile.

Mimi harusini sikwenda. Siku mbili baadaye nilijiondoa katika kundi la kamati, na hakuna aliyeuliza kwa nini.