Pampu ya pumu: kwa mnaoanza zamu kwenye zahanati za Tanga

Mgonjwa wa pumu akija anahema, usikimbilie sindano. Salbutamol ya kuvuta hufika palepale inapotakiwa: hushika vipokezi vya beta-2 kwenye misuli inayozunguka njia za hewa, misuli ikalegea, hewa ikapita. Nafuu huanza ndani ya dakika 5 na hudumu saa 4 hadi 6. Kidonge huchelewa, tena hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa ya mikupuo 40 ya pampu, na sehemu kubwa yake huzunguka mwilini bure.

Lakini pampu yenyewe ikipulizwa mdomoni bila kifaa, dawa nyingi huishia kooni. Tumia spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo na kushika dawa kabla ya kuvutwa. Kama hakuna, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu, kisha ziba pembeni kwa plasta. Mgonjwa anavutia kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki itanasa dawa. Tikisa pampu, puliza mkupuo mmoja, mgonjwa apumue mara 4 hadi 6, ndipo utikise tena. Kupuliza mitano kwa mpigo ni kumwaga dawa, na hili tunaliona mno.

Shambulio kali: mikupuo 4 hadi 10 kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, na oksijeni. Mtu mzima apewe prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, miligramu 40 hadi 50 mapema, kwa kuwa huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Mluzi wa kifuani ukinyamaza huku mgonjwa anazidi kuchoka, usifurahi: hewa haipiti kabisa. Mpe rufaa hospitali ya mkoa ya Bombo, dawa ikiendelea njiani.

Aminofilini, dawa ya pumu ya kudunga mshipani, iogope. Kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana sana. Uliza kwanza kama amemeza theofilini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, au antibiotiki za erithromaisini na siprofloksasini, kwani huipandisha mwilini. Kamwe usiisukume haraka mshipani. Uliza pia kuhusu propranolol, dawa ya presha, kwani hubana njia za hewa na kuizuia salbutamol.

Anayehitaji pampu zaidi ya mara mbili kwa wiki, awe mfanyakazi wa korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, au mama wa jiko la kuni, ana uvimbe wa njia za hewa ambao salbutamol haiugusi. Mwanzishie beklometasoni, dawa ya kupunguza uvimbe huo, ya kuvuta kila siku, na asukutue mdomo kila baada ya kuivuta asipate utando mweupe wa fangasi.