Jua linawaka na ndege haiji: nitazame wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi kisiwani na mara kwa mara humpeleka mama bara kwa matibabu. Simu inaonyesha jua, tukifika uwanjani tunaambiwa safari imefutwa kwa sababu ya hali ya hewa. Siku nyingine simu inaonyesha mvua na tunaruka kama kawaida. Kumwamsha mgonjwa alfajiri kwa safari isiyokuwepo kunaniuma sana. Kuna taarifa ya kuaminika mtandaoni?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama apate nafuu. Ile picha ya jua kwenye simu iweke kando kwanza. Hakuna mtu aliyesimama kisiwani kwenu akaipima. Inatokana na hesabu za kompyuta zinazoigawa dunia katika miraba. Miraba ya kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, ina upana wa kilomita 9 hivi. Ya GFS, mfumo wa utabiri wa Marekani, ni kilomita 13 hivi. Kisiwa kidogo humezwa chote ndani ya mraba mmoja, na kompyuta ikakihesabu kuwa ni bahari tupu. Tena picha ile inamfaa anayetaka kuanika nguo. Rubani ana maswali mengine: upepo unatoka upande gani, mawingu yameshuka kiasi gani, ataona umbali gani? Mvua ya kawaida haimzuii. Upepo wa ubavuni unaweza kumzuia hata anga likiwa safi kabisa.

Nilifanya kazi ya kupima hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege wa kisiwani, kwa hiyo nakuelekeza kwenye taarifa anayoisoma rubani mwenyewe. Inaitwa METAR, na hutolewa kila saa au kila nusu saa. Usiku tulikuwa tukitoka nje kutafuta taa ambazo umbali wake tunaujua. Ile ya mbali kabisa tuliyoiona ndiyo iliyotupa kipimo. Leo viwanja vingi vina mitambo ya kazi hiyo, lakini taarifa ni ile ile, na inapatikana bure kwenye aviationweather.gov. Unaandika alama ya uwanja yenye herufi nne, siyo ile ya herufi tatu iliyo kwenye tiketi.

Utakutana na mstari unaotisha, lakini vumilia. Chukua kipande hiki: 18022G34KT. Tarakimu tatu za mwanzo ni upande upepo unakotoka, kwa nyuzi: 180 ni kusini. Kasi ni noti 22, na G inasema kuna mikupuo, yaani mivumo ya ghafla, inayofika noti 34. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, basi mikupuo hiyo ni kama kilomita 63 kwa saa. Sasa tazama namba za njia ya kurukia ndege ya kwenu. Ikiwa ni 09 na 27, ongeza sifuri: imelala nyuzi 90 na 270, yaani mashariki na magharibi. Upepo wa kusini unaipiga ubavuni moja kwa moja. Kitabu cha Cessna Caravan, ndege ndogo inayotumika visiwani pengi, kinataja noti 20 kuwa upepo wa ubavuni mkali zaidi uliojaribiwa. Hapo mwache mama alale kwanza, upige simu kwenye kampuni. Njia ingekuwa 18 na 36, upepo huo huo ungekuja kwa mbele na ndege ingetua bila shida kubwa.

Kwa saa zijazo soma TAF, utabiri wa uwanja wenyewe. Viwanja vikubwa hupewa wa saa 24 au 30. Saa zake zote ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima, kwa hiyo zigeuze kuwa za kwenu kabla hujapanga lolote. Soma pia ya uwanja wa bara, maana ukungu wa kule unaweza kufuta safari hata kwenu kukiwa kweupe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: itafute ndege yenyewe kwenye ramani ya mtandaoni inayofuatilia ndege. Visiwani mara nyingi ndege hailali. Hutoka bara, ikashusha, ikapakia. Kama bado haijaondoka huko, nyinyi hamwondoki kwa wakati, hata ubao wa safari uandike vipi. Ubao husubiri mtu aubadilishe.

Na msiwalaumu marubani. Kisiwa cha Saint Helena, Atlantiki ya Kusini, kilijengewa uwanja mpya, na safari za majaribio za mwaka 2016 zikaonyesha upepo unaobadilika ghafla karibu na njia ya kutua. Ndege ya kwanza ya abiria ya ratiba ilisubiri hadi Oktoba 2017.

SWALI: Mzee, mume wangu alikuwa angani, nami nikiifuatilia ndege yake kwenye ramani ya mtandaoni. Katikati ya bahari ikatoweka. Alifika salama, lakini nilitetemeka mwili mzima. Ilikuwaje?

JIBU: Pole sana mwanangu. Ramani kama Flightradar24 hutegemea zaidi vipokezi vilivyo nchi kavu, na mawimbi ya ndege hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Ndege iliyo juu mita 10,000 husikika umbali wa kilomita 400 hivi. Ndogo inayoruka chini hupotea mapema zaidi. Baharini hakuna wa kuweka kipokezi, na ramani haiwezi kuonyesha isichokisikia. Wanaoongoza ndege wana redio na njia zao nyingine.

Siku nyingine andika saa inayotarajiwa kutua, kisha tazama ukurasa wa wanaowasili wa uwanja anakokwenda. Ikipita nusu saa bila neno, piga simu kwenye kampuni ukiwa na namba ya safari mkononi.