Mawe ya tochi, jeli na miiba ya zinki

Juma lililopita nilitaja betri za zinki zenye jeli ya polima badala ya majimaji. Maswali yakamiminika, najibu manne.

*Fundi, hiyo jeli si uji tu? (Umoja)*

Hujakosea sana. Mawe ya redio ya zamani yalitiwa wanga au unga ili majimaji yake yawe mazito. Siku hizi ni polima, molekuli ndefu zilizofungamana kama wavu, zilizonyonya maji yenye chumvi. Pasua nepi ya mtoto (ambayo haijatumika, tafadhali) umwagie maji zile chembe: polima hiyohiyo inayovimba humo imeshajaribiwa kwenye betri za zinki.

*Maji matupu yana ubaya gani? (Kasarani)*

Ubaya huja unapochaji. Zinki inarudi kwenye bamba lake, ila haijipangi sawasawa. Palipoinuka kidogo panavuta nyingine, panamea mwiba, na mwiba ukifika upande wa pili, betri imepiga shoti. Juu ya hayo, maji yaliyo huru huila zinki na kutoa hidrojeni, betri ikafura. Polima huyashika maji yasizurure, na huzigawa ioni (chembe za zinki zenye chaji ya umeme) zisirundikane mahali pamoja.

Basi kwa nini tusikaushe kabisa? Kwa sababu ioni ya zinki ina chaji mbili, hivyo huing'ang'ania polima kama kupe. Pasipo maji, katika joto la kawaida, mwendo wake ni wa jongoo. Ndiyo maana jeli nyingi zinazofanya kazi vizuri bado zimelowa, na mimi sioni aibu yoyote hapo.

*Niisubiri kwa boda yangu ya umeme? (Rongai)*

Usisubiri. Seli ya zinki na manganizi hutoa kama volti 1.3 au 1.4, ya lithiamu hutoa 3.2 hadi 3.7. Utabeba betri badala ya abiria. Hii ni ya kukaa kona ya nyumba ikihifadhi umeme wa sola, maana jeli yake yenye maji haishiki moto.

*Kuanika mawe juani kunayachaji? (Kariobangi)*

Hapana. Joto huharakisha tu kemikali zilizobaki. Utapata taarifa ya habari moja, labda na matangazo ya vifo. Kisha yatoe redioni haraka. Kopo lenyewe ndilo zinki inayoliwa, na likitoboka, ule ute utakulia springi.